Jinsi ya kusoma jina la Kiebrania lenye jina la Mungu ndani yake

Eliya, Danieli, Hezekia, Nehemia, Yohana: kila moja ya majina haya ni sentensi nzima ya Kiebrania iliyobanwa ikawa neno moja. Ndani yake kuna tendo au sifa, na mwenye tendo hilo ni Mungu. Mzazi anayemtafutia mtoto jina, mwalimu wa Biblia, au mtu anayetaka kuhakiki zile orodha za maana za majina zinazozunguka kwenye simu anaweza kuifungua sentensi hiyo mwenyewe. Si lazima ajue Kiebrania chote. Anachohitaji ni kujua sehemu za jina, mizizi kumi na kitu inayojirudia mno, na mahali ambapo tahajia yetu ya Kiswahili humpoteza msomaji. Hapo pa mwisho ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo ndipo tutakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Rudisha jina kwenye herufi zake

Kiebrania huandikwa kwa konsonanti, na maana ya neno hubebwa na konsonanti hizo, kwa kawaida tatu, zinazoitwa mzizi. Tahajia ya Kiswahili hufunika mambo matatu.

Kwanza, tunaongeza irabu mwishoni: *El* huwa *-eli*, *Yehoshafat* huwa Yehoshafati. Pili, hatuandiki alefu (א) wala ayini (ע). Herufi hizi mbili ni tofauti kabisa katika Kiebrania, lakini kwetu zote hupotea. Tatu, he (ה) na heti (ח) kwetu huwa *h* moja, na mara nyingine heti huachwa kabisa kwa sababu jina limepitia Kigiriki. Ndiyo maana nabii anayeitwa *Yehezqel* kwa Kiebrania sisi tunamwita Ezekieli.

Njia rahisi ya kuzipata herufi zenyewe ni programu ya Biblia au konkodansi (faharasa ya maneno ya Biblia) yenye namba za Strong, ambazo humpa kila neno la asili namba yake. Gusa jina, utaonyeshwa namba, na namba itakupa maandishi ya Kiebrania pamoja na mzizi. *El* ni namba 410, na kitenzi *natan*, "toa", ni 5414. Ichukue konkodansi kwa ajili ya herufi. Maana inayotaja kando ya jina ni fupi mno, na mara nyingi huchagua usomaji mmoja pale palipo na miwili.

Hatua ya 2: Tafuta sehemu ya Mungu

Sehemu zinazojirudia kuliko nyingine zote ni mbili.

*El* (אל), "Mungu", huweza kukaa mwanzoni au mwishoni. Mwanzoni kwetu huonekana kama El- au Eli-: Elnathani, Elishama, Eliakimu. Mwishoni huwa -eli: Nethaneli, Mikaeli, Yoeli.

Jina la herufi nne, YHWH, haliingii katika jina la mtu likiwa zima. Hufupishwa, na ufupisho hutegemea mahali lilipokaa. Mwanzoni huwa *Yeho-* au *Yo-*: Yehoyada, Yehoshafati, Yonathani, Yothamu. Mwishoni huwa *-yahu* au *-yah*, na Kiswahili hukiandika kipande hicho -ya au -ia: Isaya (*Yeshayahu*), Zekaria, Sefania, Obadia.

Unapotafsiri, weka "Mungu" kwa *El* na "BWANA" kwa *Yahu*, kama Biblia zetu zinavyofanya. Ukiandika "Mungu" kwa yote mawili, Eliya utaitafsiri "Mungu wangu ni Mungu" na sentensi itakufa mkononi. Jina hilo ni *Eli-yahu*, "Mungu wangu ni BWANA". Yoeli ni maungamo hayo hayo yaliyogeuzwa: "BWANA ndiye Mungu."

Kuna sehemu nyingine zisizo nyingi sana. *Shadai*, "Mwenyezi", na *suri*, "mwamba", zimejaa katika orodha ya wakuu wa makabila kwenye Hesabu 1:5-15: Surishadai, Amishadai, Shedeuri, Elisuri, Pedasuri. Orodha hiyo inastahili kusomwa jina kwa jina, kwa sababu *El* imo mara tisa na *Yahu* haimo hata mara moja. Majina yenye *Yahu* huja kwa wingi baadaye, hasa katika ufalme wa Yuda. Kisha kuna *abi*, "baba", *ahi*, "ndugu", na *ami*, "jamaa" au "watu wa ukoo", ambazo hukaa mahali pa jina la Mungu: Ahiezeri, "ndugu yangu ni msaada". Na kuna *adoni*, "bwana wangu", na *meleki*, "mfalme": Adonia, Elimeleki.

Hatua ya 3: Hakikisha kwamba kweli ni sehemu ya Mungu

Usiruke hatua hii. Macho yaliyozoea Kiswahili huona *-eli* na *-ia* kila mahali.

Majina yanayoishia -eli bila *El*: Raheli ni "kondoo jike". Abeli ni *Hevel*, "pumzi, mvuke". Zerubabeli ni "mbegu ya Babeli", yaani aliyezaliwa Babeli, na -beli yake ni kipande cha jina la mji. Yezebeli pia haina *El*. Yaeli, yule mwanamke wa Waamuzi 4, huandikwa kwa ayini (יעל) na maana yake ni mbuzi wa milimani. Yaeli na Yoeli yanatofautiana kwa irabu moja tu kwetu, ila moja ni jina la mnyama na jingine ni ungamo la imani.

Eli, kuhani wa Shilo aliyemlea Samweli, naye huandikwa kwa ayini: עלי. Si *El* ya Mungu. Orodha nyingi humpa maana ya "Mungu wangu" kwa kuwa tahajia yake imefanana na *Eli* ya alefu.

Mwishoni mwa -a au -ia: Yona ni "njiwa". Debora ni "nyuki". Maria ni Miriamu aliyepitia Kigiriki, na Lidia ni jina la Kigiriki. Hosea lina mzizi wa wokovu, lakini sehemu ya Mungu haionekani ndani yake. Malkiya ni mfano wa upande wa pili: jina hili la mwanaume katika Yeremia 38:6 humfanya msomaji wetu afikirie malkia, kumbe ni *Malki-yahu*, "mfalme wangu ni BWANA".

Mwanzoni mwa Yo- na Ye-: Yosefu hutokana na kitenzi *yasaf*, "ongeza", kwa hiyo Yo- yake ni ya kitenzi. Mwanzo 30:24 inasema hivyo waziwazi: BWANA aniongeze mwana mwingine. Mzizi huo huo ndio ulio katika Eliasafu wa Hesabu 1:14, "Mungu ameongeza". Hapa pia ndipo watu hupotea na jina Josephat, au Josphat, linalopendwa sana Afrika Mashariki. Wengi hulidhania kuwa ni aina ya Josephu. Ni Yehoshafati: *Yeho*, "BWANA", na *shafat*, "amehukumu". Haya mawili hayana undugu wowote.

Katika Yeremia, Ye- ni ya kitenzi na Mungu yuko mwishoni. Elihu, rafiki kijana wa Ayubu, anaonekana kama Eliya lakini mwisho wake ni *hu*, "yeye": "Yeye ndiye Mungu wangu."

Hatua ya 4: Tafuta mzizi, kisha tafuta ndugu zake

Ukishaondoa sehemu ya Mungu, kinachobaki ni kitenzi au nomino. Usisome jina likiwa peke yake. Lipange pamoja na yote yenye mzizi mmoja, na maana itajithibitisha yenyewe.

N-T-N, "toa, pa": Yonathani, Elnathani, Nethaneli, Nethania. Nathani ni ufupisho. Nomino yake, *mattan*, "zawadi", inatupa Matania na, kupitia Kigiriki, Mathayo.

H-N-N (kwa heti), "fadhili": Yohana, ambaye katika Agano la Kale ni Yohanani, pamoja na Hanania, Elhanani na Hananeli. Anania wa Matendo ya Mitume ni Hanania aliyeandikwa kwa Kigiriki.

Y-SH-' (kwa ayini), "okoa": Yoshua, Isaya, Elisha na Hosea wote wanatoka hapa, ingawa sikio la Kiswahili halisikii chochote kinachowaunganisha. Hesabu 13:16 inaonyesha jina likiundwa mbele ya macho yetu: Musa anampa Hoshea mwana wa Nuni jina la Yoshua. Neno lilikuwa "wokovu", likaongezewa BWANA.

H-Z-Q (kwa heti), "tia nguvu": Hezekia na Ezekieli. Ni jina moja kwa maana, la mfalme likiwa na *Yahu* na la nabii likiwa na *El*. Tahajia ndiyo iliyowatenganisha.

SH-M-' (kwa ayini), "sikia": Ishmaeli, Shemaya, Elishama. Samweli hayumo, na tutamrudia.

'-Z-R (kwa ayini), "saidia": Eleazari, Eliezeri, Azaria, Azareli, Ezra. Lazaro ni Eleazari aliyefupishwa.

Mingine ya kukariri: Z-K-R, "kumbuka" (Zekaria), N-H-M, "fariji" (Nehemia), S-P-N, "ficha, hifadhi" (Sefania), B-N-H, "jenga" (Benaya), P-D-H, "komboa" (Pedaya, Pedasuri), '-S-H, "tenda, fanya" (Asaheli, Asaya, Eleasa), Q-W-M, "simamisha" (Eliakimu, Yehoyakimu), '-B-D, "tumikia" (Obadia, Abdieli).

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja kubwa hapa. Lugha yetu imepokea maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Mzizi wa Obadia ndio wa Abdallah, "mtumwa wa Mungu", na majina hayo mawili yamejengwa kwa namna moja. Zekaria anashirikiana mzizi na dhikiri. Berekia anashirikiana na baraka, Yerahmeeli na rehema, Shelemia na salama. Unapokutana na jina geni, lipime kwanza dhidi ya maneno haya, kisha hakikisha herufi kwenye konkodansi.

Hatua ya 5: Tambua aina ya sentensi

Jina laweza kuwa sentensi ya kitenzi, sentensi ya nomino, kifungu cha umilikishi au swali.

*Kitenzi kilichotimia.* Tendo limekwisha, na Kiswahili kinalitafsiri vizuri kwa -me-: Nethania, "BWANA ametoa". Haya ni majina ya shukrani. Ukitazama majina yaliyoanza na kitenzi utaona irabu ya kwanza imedhoofika: *natan* imekuwa *Netan-*, *zakar* imekuwa *Zekar-*, *shama* imekuwa *Shema-*, *banah* imekuwa *Bena-*. Sababu ni mkazo. Kitenzi kikiongezewa -yahu au -el mkazo huhamia mwishoni, na silabi ya kwanza hupungua nguvu. Mungu akitangulia, kitenzi hubaki na irabu zake: Yonathani, Elishama. Hanania, Azaria na Asaheli yanaonekana kuvunja kanuni hii, lakini yanaifuata kwa njia yao. Herufi zao za kwanza, heti na ayini, hutamkwa kooni, na herufi za kooni hupendelea irabu *a* hata zinapodhoofika. Kanuni hii ndogo itakuokoa mara nyingi. Ukiona jina linaanza kwa konsonanti ya kawaida likifuatwa na *e*, na mwisho wake ni -ia au -eli, kuna uwezekano mkubwa ni kitenzi kilichotimia.

*Kitenzi kisichotimia.* Hiki huanza na *y-*, na *y-* hiyo ni kiambishi cha "yeye". Haihusiani na *Yahu*. Ishmaeli ni *yishma-el*, Ezekieli ni *yehezq-el*, Yerahmeeli ni *yerahme-el*. Umbo hili huweza kuwa taarifa ("Mungu husikia") au dua ("Mungu na asikie"). Kiswahili kina hu- kwa la kwanza na -e kwa la pili, kwa hiyo andika yote mawili. Katika Ishmaeli, Mwanzo 16:11 inaeleza kwamba BWANA amesikia mateso ya Hajiri. Katika Yerahmeeli hakuna simulizi, na dua inafaa zaidi: "Mungu na arehemu." Yeremia ni la aina hii pia, ila wataalamu hawakubaliani kama mzizi wake ni "inua" au "tupa". Usiliwekee maana moja kwa uhakika.

*Nomino kwa nomino.* Hapa hakuna kitenzi, na kwa Kiswahili tunaongeza "ni": Eliabu, "Mungu ni baba". Uria, "nuru yangu ni BWANA". Neria, "taa yangu ni BWANA". Linganisha Eleazari na Eliezeri. *El-azar* lina kitenzi: "Mungu amesaidia." *Eli-ezer* lina nomino: "Mungu wangu ni msaada." Konsonanti za mzizi ni zile zile, na irabu ndizo zinazoamua.

*Umilikishi.* Obadia, "mtumishi wa BWANA". Hili si sentensi. Linamweleza mwenye jina.

*Swali.* Mikaeli ni *mi-ka-el*: nani, kama, Mungu. Mikaya ni swali hilo hilo likiwa na *Yahu*, na Mika ni ufupisho. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika "aliye kama Mungu". Hapo swali limegeuzwa kuwa sifa ya mwenye jina, na maana imepinduka kabisa. Andika "Nani aliye kama Mungu?" na usiiache alama ya kuuliza, kwa sababu jibu linalotarajiwa ni "Hakuna."

Ile i ya katikati

Danieli, Gabrieli, Urieli, Uzieli. Kati ya sehemu mbili kuna *i*, na orodha nyingi huitafsiri "wangu" au "yangu" kila mara. Mara nyingi hiyo ni sahihi, lakini *i* hiyo huweza pia kuwa irabu ya zamani ya kuunganisha isiyo na maana yake yenyewe. Gabrieli basi ni "Mungu ni shujaa wangu" au "mtu wa Mungu". Danieli ni "mwamuzi wangu ni Mungu" au "Mungu amehukumu". Katika Ezekieli 14:14 jina Danieli limeandikwa bila herufi ya *i*, na hilo linaonyesha kwamba haikushikamana sana. Panapokuwa na shaka, toa tafsiri zote mbili.

Hatua ya 6: Tenganisha maana ya kisarufi na maana ya simulizi

Biblia yenyewe hueleza baadhi ya majina kwa mwangwi wa sauti, na mwangwi huo si lazima uwe mzizi. Hana anasema amemwita mwanawe Samweli kwa sababu alimwomba kwa BWANA (1 Samweli 1:20). "Omba" ni *sha'al*, na mzizi huo kwa sarufi unatoa jina la Sauli. *Shemu-el* kisarufi ni "jina lake ni Mungu" au "jina la Mungu". Israeli nalo katika Mwanzo 32:28 linaelezwa kwa Yakobo kushindana na Mungu. Lakini katika majina ya umbo hili *El* huwa ndiye mtendaji, kama ilivyo katika Ishmaeli, hivyo kisarufi ni "Mungu hushindana" au "Mungu hutawala".

Unapofundisha, toa zote mbili na useme ipi ni ipi. Simulizi inasema jinsi mama au taifa lilivyolisikia jina, na sarufi inasema jinsi lilivyoundwa. Kuifuta mojawapo ni kumnyima msomaji nusu ya jambo.

Hatua ya 7: Hakiki kwa kugeuza

Uhakiki bora ni kuona kama sehemu zinaweza kubadilishana nafasi bila maana kuharibika. Biblia inatupa watu walioitwa kwa namna zote mbili. Babaye Bathsheba ni Eliamu katika 2 Samweli 11:3, na Amieli katika 1 Mambo ya Nyakati 3:5. Mwana wa mfalme Yehoramu ni Yehoahazi katika 2 Mambo ya Nyakati 21:17 na Ahazia katika 22:1, sura moja tu mbele: *Yeho* na *ahaz*, "ameshika", zimebadilishana viti. Yehoyakini wa 2 Wafalme 24:8 ndiye Yekonia wa 1 Mambo ya Nyakati 3:16, na Yeremia 22:24 inamwita Konia, akiwa amepunguzwa hata kitenzi chake.

Uhakiki wa pili ni maandishi yaliyofukuliwa. Kipande cha udongo chenye muhuri wa "Hezekia mwana wa Ahazi mfalme wa Yuda", kilichotangazwa Yerusalemu mwaka 2015, kina -yahu kamili. Barua za Lakishi, mji wa Yuda, zilizopatikana 1935 na zilizoandikwa siku za mwisho za ufalme wa Yuda, zina majina kama Gemaryahu, Yirmeyahu na "Matanyahu mwana wa Neriyahu". Vigae vyenye maandishi vya Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, vilivyopatikana 1910 na vya karne ya 8 kabla ya Kristo, vinaandika -yau: Gadiyau, Shemaryau. Kwa hiyo mwisho wa jina huweza kukuambia mwenyewe alitoka kusini au kaskazini. Ile -yah fupi nayo huongezeka baada ya uhamisho wa Babeli.

Vigae hivyo hivyo vya Samaria vina pia majina ya Baali. Hili lisikushtue. *Baali* maana yake ni "bwana, mwenye mali", na kwa muda lilitumika hata kwa Mungu wa Israeli: katika 1 Mambo ya Nyakati 12:5 kuna mtu aitwaye Bealia, "BWANA ni bwana". Baadaye neno lilichukiza. Mwana wa Daudi aitwaye Beeliada katika 1 Mambo ya Nyakati 14:7 ni Eliada katika 2 Samweli 5:16. Eshbaali, mwana wa mfalme Sauli, amekuwa Ishboshethi, na Meribaali amekuwa Mefiboshethi, *boshethi* ikiwa ni "aibu". Ukikuta *boshethi* katika jina, irudishe *baali* kabla ya kutafsiri. Usiposahihisha hivyo utamwita mwana wa mfalme "mtu wa aibu", jina ambalo babaye hakumpa.

Majina yaliyofupishwa

Nathani, Ezra, Nahumu na Ahazi yamepoteza sehemu ya Mungu, au hayakuwa nayo. Kwa Ahazi tuna ushahidi: kumbukumbu za Tiglath-pileseri, mfalme wa Ashuru, zinamtaja kwa jina refu, lenye sehemu ya *Yahu*. Kwa Mika wa Waamuzi 17 pia, kwa kuwa Kiebrania cha mistari ya kwanza ya sura kinatumia jina refu kisha kinafupisha. Pasipo ushahidi wa namna hiyo, tafsiri kilichoandikwa tu: Nathani ni "ametoa". Ukitaka kumtaja mtoaji, weka "Mungu" kwenye mabano ili msomaji aone kwamba umemwongeza wewe.

Kuchagua au kuunda jina

Anza na sentensi unayotaka kuisema, kisha tafuta jina lililopo. "Mungu ametoa" ina Nethaneli na Elnathani, na kwa *Yahu* kuna Yonathani na Nethania. "Mungu amebariki" ina Barakeli, babaye Elihu katika Ayubu 32:2, na kwa *Yahu* kuna Berekia. Wasichana pia wana majina ya aina hii: Elisheba, mkewe Haruni, ndiye Elizabeti wetu. Abiya ni mama yake Hezekia. Yekolia, "BWANA anaweza", ni mama yake Uzia.

Kaskazini mwa Tanzania, hasa katika familia za Kikristo za Kilimanjaro, Upare na Arusha, watu wamekwisha kuunda majina yao kwa *Eli* na neno la Kiswahili: Elibariki, Elirehema, Elineema, Elifuraha, Eliamani, Elisante. Kimuundo ni majina halali kabisa. Elibariki lina sehemu zile zile za Barakeli zilizogeuzwa, hata mzizi B-R-K ni mmoja. Elirehema linasimama karibu na Yerahmeeli kwa namna hiyo hiyo.

Ukiunda jipya, weka *Eli* mwanzoni. Mwishoni mwa neno la Kiswahili haitasikika kuwa ni Mungu, kwa sababu maneno yetu hayana desturi ya kubeba mtendaji nyuma. Usijaribu kuongeza -ia ukidhani umeweka *Yahu*: katika Kiswahili -ia ni kiambishi cha kauli ya kutendea, na "Furahia" itabaki kuwa kitenzi cha kawaida. Baada ya *Eli* weka neno linaloanza kwa konsonanti, au kwa *a* kama Eliamani. *Eli* ikikutana na neno linaloanza kwa *i*, irabu mbili humezana na sehemu ya Mungu hubaki *El* tu.

Mwisho, amua tahajia kabla ya kwenda kusajili. Yehoshafati, Yosafati, Josephat na Josphat ni mtu mmoja kwa maana, lakini kwenye karatasi ni watu wanne. Eliya, Elia na Elija vivyo hivyo. Chagua umbo moja, liandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, umkabidhi karani akinakili kutoka hapo, na lirudie bila kubadilisha herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo na fomu za shule.